Jumatatu ya Fundi Wepukhulu

Ukimuuliza Johnstone Wepukhulu gari lako litakuwa tayari lini, alikujibu Jumatatu. Hakutaja Jumatatu ipi. Mafundi wote wa Kimumu, pale Eldoret, walijibu hivyo, lakini wenzake walikuwa wakikudanganya na yeye hakuwa akidanganya. Aliiamini ile Jumatatu kuliko ulivyoiamini wewe, na ilipopita bila gari kutoka, alihuzunika hata ukajikuta wewe mwenye gari ndiye unayempa pole.

Alikuwa Mbukusu wa upande wa Moi's Bridge, mtoto wa dereva wa trekta katika shamba kubwa la mahindi. Alipenda kusema kwamba alijifunza ufundi akiwa chini ya trekta kwa sababu shamba zima halikuwa na kivuli kingine. Hakutupa kitu. Mkewe Leonida alisema ukimpa mumewe msumari uliopinda atakushukuru, na ukimpa ulionyooka atakuuliza umeutoa wapi. Kanisani alikuwa mmoja wa wazee wetu, na ndiye aliyetengeneza mabenchi, yote yakiwa yameinama kidogo upande wa kushoto.

Jumatatu moja tu katika maisha yake ilikuwa na tarehe. Siku ya Jumamosi, 22 Desemba 2007, Wahu, ambaye tulimwita Mama Warigia, alimletea Subaru yake ya kijani ikitoa moshi wa buluu. Wahu alikuwa akishona sare za shule huko Yamumbi, na Januari ndio mwezi wa sare. Alihitaji gari la kubebea mizigo. Turbo ilikuwa imechoka. Turbo hufanya kazi kama mvukuto wa mhunzi: inasukuma hewa ndani ya injini ili moto uwake kwa nguvu, na ikichoka huvuta oili na kuigeuza moshi. Wepukhulu aliitazama, akasema Jumatatu. Wahu hakuwa mtu wa kuondoka na jibu la namna hiyo.

"Jumatatu ya tarehe ngapi, fundi?"

"Thelathini na moja, Mama. Utanipata hapa kwa mlango, funguo mkononi."

Matokeo ya kura ya urais yalitangazwa Jumapili tarehe 30, na usiku huo huo watu wa kabila la Wahu wakaanza kufukuzwa na kuchomewa nyumba. Jumatatu asubuhi barabara zilikuwa na mawe na matairi yanayowaka, na watu wenye akili walikuwa ndani ya nyumba zao. Wepukhulu alikuwa mlangoni pa gereji, funguo mkononi, na gari lilikuwa tayari. Alisimama hapo mpaka karibu saa sita akitazama moshi ukipanda upande wa Yamumbi, ndipo simu ikalia. Wahu na binti yake walikuwa wamekimbilia kituo cha polisi, wakingoja lori la kuwapeleka Nakuru.

"Nyumba imeenda, fundi. Duka pia. Gari iko?"

"Iko, Mama."

"Itakuwa tayari lini?"

Mazoea ni kama ngozi, huwezi kuyavua kwa haraka. Wepukhulu alisema Jumatatu. Wahu akacheka, na baadaye alituambia kwamba hicho ndicho kicheko chake pekee cha wiki hiyo.

Ng'ambo ya barabara aliishi Kipyego, fundi wa ndege mstaafu, rafiki wa Wepukhulu wa kubishana naye kila siku. Siku ya Mwaka Mpya alivuka barabara akiwa na kisanduku cha spana. Alisema kuna vijana wanalitafuta gari la kijani la yule mwanamke wa Yamumbi, na kwamba hakuja kutoa maoni, amekuja kushika spana. Wepukhulu alikuwa amekwisha kufikiri. Alisema watu huchoma gari, lakini yeye hajawahi kuona mtu akichoma boneti.

Wakafunga geti, wakaanza kulifungua gari. Kazi hiyo ilichukua siku mbili mchana kutwa. Wao walifungua; mimi, jirani yao, na Leonida tukabeba. Boneti ikawa paa la banda la kuku. Milango minne ilisimamishwa ikawa ua wa sukumawiki. Injini iliingia bafuni, juu yake tukaweka beseni na sabuni. Usukani ulipigiliwa ukutani, ukatundikwa makoti. Turbo, Wepukhulu aliiweka kwenye kiota cha kuku aliyekuwa akiatamia, mahali ambapo alisema hakuna mwanamume atakayetia mkono. Bodi lililobaki walilipindua, wakalijaza magunzi ya mahindi. Viti vyote viliingia sebuleni.

Vijana walikuja Alhamisi, kumi na mmoja kwa hesabu yangu. Walipita kila mahali. Walimkuta Leonida sebuleni amekaa, anapukuchua mahindi, na mmoja wao aliyeonekana kujua magari akasimama mbele yake.

"Mama, hiyo si kiti ya gari?"

"Ni kiti ya nyumba," Leonida akajibu bila kuinua macho. "Umeniona nikienda mahali?"

Yule kijana akafikiri, akaona ni kweli, wakaondoka. Leonida aliendelea kupukuchua mpaka walipotoka getini. Ndipo tulipoona kwamba gunzi lililokuwa mkononi mwake halikuwa na punje hata moja.

Gari lililofichwa vizuri kiasi hicho si rahisi kulitoa mafichoni. Kwanza Wepukhulu alingoja nchi itulie. Nchi ilipotulia alikuwa na magari ya watu wengine, na kila mmoja wa watu hao alikuwa ameahidiwa Jumatatu. Miaka ikapita. Wageni wa nyumba ile walizoea kufunga mkanda kabla ya kupewa chai, maana watoto walisisitiza. Mhubiri mgeni kutoka Vihiga alivuta kile kishikio cha pembeni akidhani kinasogeza kiti mbele, akalala chali katikati ya sala, na amina akaisema akitazama dari.

Wahu aliishi Bahati, karibu na Nakuru, nyumbani kwa dada yake, akishona kwenye cherehani ya kuazima mpaka akapata yake. Kila tarehe 31 Desemba alipiga simu kuuliza kama Jumatatu imefika. Wepukhulu alimweleza ilikofikia, wakatakiana heri ya Mwaka Mpya. Lakini mwaka 2012 Wahu alipiga simu mwezi wa Agosti, na hakuwa na mzaha. Alisema ametazama kalenda na kuona kwamba tarehe 31 Desemba mwaka huo ni Jumatatu tena. Uchaguzi mwingine ulikuwa unakuja Machi. Watu walikuwa wakiulizia ploti yake ya Yamumbi.

"Nilitoka huko kwa lori kama gunia," alisema. "Nitarudi nikiendesha gari yangu, ama sirudi. Hiyo Jumatatu ikipita nauza ploti, na wewe uuze hizo vyuma kwa kilo."

Wepukhulu aliweka simu mfukoni, akaenda kuwatoa kuku.

Kipyego alivuka tena barabara na kisanduku chake. Kufikia mwanzo wa Oktoba gari lilikuwa limesimama kwa miguu yake, likiwa na harufu ya magunzi na doa la sukumawiki kwenye mlango wa dereva. Leonida alikaa kwenye stuli sebuleni kwake akisema nyumba imekuwa kama kituo cha chifu. Tatizo lilikuwa turbo. Kuku watatu walikuwa wameiatamia kwa zamu karibu miaka mitano, na mavi yao yalikuwa yameila mpaka ndani. Wepukhulu akapata nyingine, kubwa kuliko ile, iliyotoka kwenye gari la mashindano lililogonga mti.

Gari likawaka, likatembea. Lakini ukilikanyaga, injini iligonga kama bisi kwenye sufuria, na injini inayogonga hivyo haimalizi mwezi kabla pistoni haijatoboka. Ukilibembeleza lisigonge, punda wa maziwa alilipita. Hapo sitii chumvi. Alilipita asubuhi ya tarehe 9 Oktoba karibu na kanisa, na mwenye punda alitupungia mkono.

Kipyego ndiye aliyetoa dawa. Alisema ndege za zamani zilikuwa na turbo kubwa na shida hiyo hiyo. Hewa ikisukumwa kwa nguvu inapata joto, na petroli ikikutana na hewa ya moto inalipuka kabla ya wakati wake. Dawa ni kuinyunyizia ile hewa ukungu wa maji na spiriti kabla haijaingia kwenye injini. Inapoa kama mtu aliyetoka kuoga akasimama kwenye upepo. Wepukhulu aliuliza kwa nini isiwe maji peke yake, akayajaribu: mlio ulipungua, lakini nguvu nayo ikapungua. Spiriti inapoza na kuwaka pia, kwa hiyo inalipa inachokula.

Kitu alichotengeneza kilikuwa kizuri kukitazama. Tangi lilikuwa chupa ya maji ya kuoshea kioo cha mbele. Pampu aliitoa kwenye mashine ya kunyunyizia mahindi dawa. Mdomo wa kunyunyizia ulimpa kazi ya wiki mbili, maana ulitakiwa kutoa ukungu usiotiririka. Alijaribu midomo saba kwenye kioo cha Leonida cha kujitazamia, na ule ambao ukungu wake ulikauka kabla Leonida hajamaliza kulalamika ndio alioufunga. Swichi ilikaa kwenye bomba la hewa: turbo ikisukuma kwa nguvu, swichi inawasha pampu, na kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya kijani. Turbo ikitulia, pampu inazima. Mlio ukatoweka. Kipyego alisema hata kwenye ndege haikukaa vizuri namna hiyo, na kwa kuwa alikuwa hajamsifu Wepukhulu tangu wajuane, wote wawili waliona haya.

Spiriti yenyewe ilikuwa methanoli, ile ya viwandani, lita ishirini kutoka duka la kemikali mjini. Wepukhulu aliitia rangi ya buluu ili mtu asidhani ni kitu cha kunywa, akaifungia ndani ya sanduku la chuma, akachora fuvu juu yake. Hakuwa mchoraji. Fuvu lilionekana linacheka, na watu waliokuwa hawana habari na sanduku wakaanza kuwa nayo. Kabla ya wiki kwisha, kanisa zima lilikuwa limesikia kwamba gari la Ndugu Johnstone linakunywa.

Kanisa letu halina pombe ya aina yoyote, hata kwenye meza ya Bwana. Na mkuu wa wazee wetu alikuwa Mama Kageha, mama wa miaka sabini, mfupi, mwenye sauti ndogo inayofika mbali. Miaka miwili kabla ya hapo mwanawe Marvin alikunywa kitu kilichochanganywa na spiriti hiyo hiyo. Aliamka haoni, na kesho yake akafa. Kwa hiyo Mama Kageha alipoomba jambo la gari lije mbele ya wazee, hakuna aliyetabasamu.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Sisi hatupigi kura. Jambo likisemwa, tunakaa kimya mpaka roho zetu zikubaliane, na karani anaandika. Karani nilikuwa mimi. Wepukhulu alieleza mambo ya hewa na joto, akasema gari halinywi, linavuta tu. Mama Kageha aliuliza kama kuna tofauti. Halafu tukanyamaza. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini, kisha thelathini. Katika dakika ya thelathini na tisa Wepukhulu alisimama, akainamisha kichwa, akatoka. Baada ya dakika nne wazee wakashikana mikono, mkutano ukaisha.

Wepukhulu alirudi gereji akiwa na furaha. Dakika thelathini na tisa, na hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Ruhusa gani tena angetaka? Wazee nao walikwenda nyumbani wakiwa na furaha. Kwetu mtu akisimama bila kusema neno amelitua jambo lake, yaani ameliacha. Wote walimwona Ndugu Johnstone akilitua, tena kwa unyenyekevu. Mimi niliandika dakika na nani alisimama. Karani huandika kilichotokea.

Kwa wiki saba hapakuwa na watu waliopendana kama wale. Mama Kageha alimpelekea Wepukhulu mkungu wa ndizi kwa ajili ya utii wake. Wepukhulu alipokea ndizi akidhani ni za kubariki gari, akamtengenezea Mama Kageha bawaba za mlango bila kutaja Jumatatu. Kanisani Mama Kageha alimtaja kama mfano wa mtu anayesikia. Yeye akainama na kusema ni neema ya wazee.

Basi Jumatatu ya tarehe 31 Desemba 2012, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuliondoka kwenda kumchukua Wahu. Mama Kageha aliomba nafasi, maana binti yake Joy alikuwa amejifungua Nakuru na alitaka kumpelekea kuku na kurudi siku ile ile. Wepukhulu alifurahi kumpa. Mimi nilikuwa na shughuli kwenye ghala moja la nafaka huko, na mfukoni nilikuwa na daftari, kama kawaida. Tulikaa nyuma, mimi na Mama Kageha, na kuku miguuni petu.

Wepukhulu aliendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Hakutaka kitu kivunjike kabla mwenyewe hajakishika. Malori yalitupita, turbo haikupata nafasi ya kusukuma, na ile taa haikuwaka hata mara moja. Mama Kageha alisema hili ni gari lenye kiasi.

Wahu alikuwa ametungoja getini pa dada yake tangu alfajiri, na cherehani yake imefungwa ndani ya blanketi. Alilizunguka gari mara mbili. Aliligusa lile doa la sukumawiki, akanusa kidole. Halafu akanyoosha mkono, na Wepukhulu akampa funguo. Alipokaa alisema kiti kimepanuka. Wepukhulu alimwambia kimekaliwa na Leonida miaka mitano. Wahu akasema hapo sawa, Leonida amekilipia.

Tulimpitia Mama Kageha kwa Joy, tulikokuwa tumemwacha asubuhi, akatoka na gunia dogo la karoti badala ya kuku, tukaanza kurudi. Wepukhulu alikaa mbele kando ya Wahu. Wahu hakuwa na mayai kichwani. Baada ya Salgaa barabara ilipoanza kupanda alikanyaga, tukabanwa kwenye viti, malori yakabaki nyuma moja baada ya jingine, na injini haikugonga hata kidogo. Kwenye dashibodi ile taa ikawaka.

Mama Kageha aliiona. "Hiyo taa ya kijani ni ya nini?"

"Ni ile dawa, Mama," Wepukhulu akasema kwa fahari. "Ile tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini?"

"Gari ivute spiriti."

"Johnstone, tulikubaliana iache."

Wahu akaondoa mguu, taa ikazima. Halafu Mama Kageha akasema bila kunigeukia, "Karani, soma."

Nikatoa daftari nikasoma: jambo la gari, kimya dakika arobaini na tatu; katika dakika ya thelathini na tisa Ndugu Johnstone alisimama, akainamisha kichwa, akatoka. Mama Kageha aliuliza maana yake ni nini. Nikamwambia maana haikusemwa, kwa hiyo haikuandikwa. Wahu, ambaye ni wa kanisa jingine, aliuliza kama sisi huwa tunafanya hivi kila wiki.

Tulisimama kando ya barabara mbele kidogo ya Mau Summit, penye wauza viazi. Mama Kageha alishuka na karoti zake. Hakugomba. Alisema yeye atapanda lori la kabeji, maana hawezi kubebwa na kitu kilichomuua Marvin, na kwamba hatukani gari la mtu. Gari lilikuwa la Wahu, na Wahu angeweza kuondoka, lakini nani anamwacha mama wa miaka sabini kando ya barabara kuu na gunia la karoti? Wepukhulu alifungua boneti ili akate pampu. Alisema tutakwenda polepole nyuma ya malori, turbo isisukume, na tutafika jioni. Uso wake ulikuwa uso wa kila Jumatatu iliyopita.

"Kabla ya Timboroa kuna kilima," Wahu akasema. Alikuwa hajashuka, mikono iko kwenye usukani. "Hapo ndipo walisimamisha lori yetu. Walitushusha tukakaa chini masaa matatu, Warigia amenishika hapa. Nilijiambia siku nitapita hapo na gari yangu, sitagusa breki. Polepole mimi sitapita. Afadhali nirudi Bahati."

Tukanyamaza. Haikuwa kwa kupanga. Ndiyo desturi, na ilitushika pale pale, sisi watatu tumesimama na vichwa vimeinama kando ya viazi. Mwuza viazi mmoja alivua kofia. Wahu aliniuliza kwa kunong'ona kama kuna mtu anaumwa. Dakika ya sita Wepukhulu akainua kichwa.

"Mama Kageha, leo sitoki mpaka mtu aseme kwa mdomo."

Mama Kageha alisogea mpaka kwenye injini. Alitaka kuonyeshwa tangi. Wepukhulu alimfungulia kifuniko, na yule mama akainama akayatazama yale maji ya buluu kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama aliyemtafuta sana.

"Mtu akikunywa hii?"

"Anapofuka kwanza, Mama. Halafu unajua."

"Na gari?"

"Gari haidhuriki. Inaichoma, inaisha."

"Inaisha kabisa? Haitoki nyuma ikaenda mahali?"

Wepukhulu alimhakikishia kwamba ikishawaka haiwi spiriti tena, inakuwa mvuke na moshi. Mama Kageha akauliza imebaki ngapi nyumbani. Lita kumi na mbili. Akauliza kama hayo nayo gari linaweza kuyamaliza. Wepukhulu akasema kwa mguu wa Mama Warigia, bila shaka.

Mama Kageha alifunga kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akakikaza.

"Basi ichome yote," akasema. "Tone ikiingia humu, haitaingia kwa mtoto wa mtu. Nimesema kwa mdomo. Karani, andika."

Niliandika nimesimama, daftari juu ya paa la gari, saa nane na dakika kumi mchana.

Kilima kile tulikipanda kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kukipanda, na sijakipanda hivyo tena. Taa ilipowaka Mama Kageha alisogea mbele akashika kiti cha Wahu kwa mikono miwili, kidevu karibu na bega lake, asipitwe. Kila ilipowaka alisema, "Hiyo imeisha." Ilipozima mbele ya kona alimwuliza Wahu kwa nini amepunguza. Wepukhulu, ambaye mtu wa kumwogopesha kwa mwendo alikuwa hajapatikana Eldoret nzima, alikuwa amefunga mkanda na kushika mlango.

Mahali penyewe palikuwa pa kawaida tu. Palikuwa na nyasi, ng'ombe wawili na mwanamke anayeuza kabeji. Sijui ningepajuaje kama si mabega ya Wahu, ambayo yalipanda, yakakaa juu, halafu baada ya kona yakashuka. Hakugusa breki. Mama Kageha akasema, "Na hiyo pia imeisha."

Tulifika Kimumu saa tisa unusu. Leonida na Kipyego walikuwa getini. Wahu alizima injini, akamrudishia Wepukhulu funguo, akamwambia ashuke akasimame pale mlangoni. Yeye mwenyewe akatoka nje ya geti mpaka barabarani, akageuka, akaja kwa miguu akiwa na mkoba wake begani, kama mteja yeyote. Wepukhulu alikuwa amesimama wima, funguo mkononi.

"Fundi, leo ni siku gani?"

"Ni Jumatatu, Mama. Tarehe thelathini na moja."

Wahu akapokea funguo. Alizitazama, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akafuta macho na kusema kwamba kazi ni nzuri, ila mlango wa dereva unapiga kelele kidogo barabara ikiwa mbovu, na angependa utazamwe kabla hajaanza kubeba sare. Utakuwa tayari lini?

Wepukhulu akafungua kinywa. Kipyego akaweka kisanduku chake chini. Leonida akamtazama mumewe, Mama Kageha akamtazama, na mimi nikafungua daftari.

"Jumanne," akasema.

Aliutengeneza Alhamisi.